Bendera Aliyoiona Mama Bukuru

Siku ile upepo ulivuma kutoka ziwani tangu asubuhi. Nakumbuka hivyo kwa sababu bendera waliyoitandaza mezani ilibidi waiwekee mawe kwenye pembe zake, isije ikapeperuka mbele ya mgeni. Mawe yenyewe yalikuwa yaleyale ya ufukweni tunayokandamizia nyavu. Ndiyo siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu Hamisi. Lakini kwanza kaa chini. Si hapo mlangoni, unanizibia mwanga. Kaa mkekani, na hiyo simu uizime, maana ikilia katikati ya maneno yangu nitaitupa uani, wallahi.

Jana ulikuja hapa Katubuka kunisalimia. Ulinipa shikamoo nzuri, ukala ugali wangu wa muhogo na migebuka, halafu ukaanza kunipa habari. Ukasema umeingizwa kwenye kamati ya kuwahoji watu ambao asili yao haieleweki. Nikakupongeza, maana wewe ni mtoto wa marehemu dada yangu na nimekulea mimi, ukipata heshima ni heshima yangu. Ukanionyesha ile beji ya bendera kifuani. Kisha ukanisimulia habari ya Mama Zawadi, yule mama anayeuza dagaa Mwandiga. Ukasema mlimuuliza maana ya rangi za bendera akababaika, akachanganya kijani na buluu, na Kiswahili chake kinanuka Kirundi. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ukasema Jumatatu mnammaliza.

Mimi sikucheka. Ukadhani sikusikia, ukarudia kwa sauti kubwa. Nilisikia, baba. Masikio yangu ni mazima kuliko ya wengi mtaani hapa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na mimi nikisema nikiwa na hasira huwa nasema vibaya, unanijua. Nimelala nayo, nimeamka nayo, sasa imepoa kidogo. Sikiliza.

Wewe bendera umeikuta mlingotini. Umezaliwa ipo, ukasimama mbele yake mstarini na kaptura yako imechanika nyuma, ukaimba. Kwa hiyo unaiona ni kitu ambacho kimekuwepo siku zote. Babu yake baba yangu alikuwa na nyumba Ujiji, kwenye njia ya kushuka ziwani. Aliiona bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja, wakati wafanyabiashara wa pwani ndio wenye mji. Ikateremshwa, ikapanda ya Mjerumani. Mjerumani akatolewa kwa vita, akaja Mbelgiji kutoka Kongo, naye akapandisha yake pale Kigoma; wenzako wengi hawajui hata kwamba Mbelgiji alitutawala miaka michache. Kisha Mwingereza. Na mzee yule hakuhama nyumba, Hamisi. Alikuwa palepale, na mkewe palepale, na mbuzi wake. Kila mwenye kitambaa kipya alimkuta pale, akamwambia wewe sasa ni wangu.

Baba yangu yeye alijaliwa kuiona ya kwetu wenyewe. Ile ya Tanganyika ilikuwa kijani juu na chini, nyeusi katikati, na mistari ya dhahabu miwili. Alikuwa akisimulia jinsi watu walivyolia siku ile, wanaume wazima wanatoa machozi hadharani na hakuna aliyewacheka. Halafu tukaungana na Zanzibar, buluu yao ikaingia, mistari ikawekwa mshazari kama unavyoiona leo. Kijani ni ardhi na mimea yake. Dhahabu ni madini. Nyeusi ni sisi watu wenyewe. Buluu ni maji, bahari na maziwa na mito. Maneno mazuri. Usidhani nayadharau, mimi niliyafundisha kabla mama yako hajaolewa.

Naam, niliyafundisha. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza shule, msichana mwembamba nisiye na hili wala lile, nikapewa darasa la watu wazima kijijini kwetu, kule kaskazini njia ya Kagunga. Kijiji sikitaji jina. Wajukuu wa wale watu wapo hai, na hawana kosa lolote.

Darasa lilikaa alasiri, dagaa wakishaanuliwa. Wanafunzi wangu karibu wote walikuwa akina mama, wengine wanamzidi umri hata mama yangu. Walikuja na mikono inanuka samaki na mawese, wanakaa kwenye magogo, wanacheka kama watoto. Nilikuwa na chaki nyeupe peke yake. Siku ya somo la bendera niliichora ubaoni kwa mistari mitupu, nikaandika neno "kijani" hapa, "nyeusi" pale. Nusu yao hawakuweza kuyasoma. Basi tukaitikia. Mimi nasema, wao wanajibu. Kijani? Ardhi! Nyeusi? Watu! Waliitikia vizuri mno, mpaka wapita njia walisimama kusikiliza.

Aliyeitikia kwa sauti kuliko wote alikuwa Mama Bukuru.

Nikueleze Mama Bukuru ni nani. Alikuwa mama mfupi, mweusi wa kung'aa, mguu mmoja anauvuta kidogo tangu utoto. Alizaa mapacha, na kwetu Waha pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, huna haja ya kufikiri jina. Warundi nao wanafanya vivyo hivyo, jambo ambalo baadaye lilimgharimu. Mumewe alikuwa mvuvi. Siku moja yeye na Butoyi walitoka kwenda kutega, upepo wa kusini ukawakuta, na mtumbwi ukarudi peke yake. Unalijua ziwa letu linavyoshuka pale kwetu. Mchanga ni mwembamba, mlima umekusukuma mgongoni, ukiingia majini hatua kadhaa tu chini hupaoni tena. Pale sisi hatusemi maji ya buluu. Tunasema maji meusi. Mtoto akianza kutembea neno la kwanza analoonywa nalo ni hilo, usifike maji meusi. Mume wake na mwanawe walikwenda maji meusi, na hakupewa hata nguo ya kuzika.

Alichobaki nacho ni Bukuru, ambaye alikuwa mkubwa tayari na anavua kwenye kambi za kusini, na kipande cha ufukwe alichoachiwa na mumewe. Mchanga wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote, mkavu, safi, jua linaupiga mpaka linazama. Dagaa wake walikauka siku moja wakati wa wengine wanashinda wakinyeshewa. Kila mtu aliutamani mchanga ule. Mwenyekiti wetu wa kijiji aliutamani kuliko kila mtu, na hakuficha. Alishamwambia mara nyingi, "Mama, uniuzie hapa, wewe na mguu huo utaanika mpaka lini?" Naye anamjibu, "Nitaanika mpaka wanirudishie Butoyi." Basi mwenyekiti anaondoka akitikisa kichwa.

Wakati huo Burundi hakukaliki. Watu walikuwa wanakimbia, wanavuka milima na maziwa, wengine wanafika na watoto mgongoni na hawana kitu kingine. Mwanzoni tuliwapokea. Halafu manung'uniko yakaanza, kwamba wanajaza kijiji, wanaiba mihogo, wanachukua mialo yetu ya mitumbwi. Ikaja amri kutoka juu, mimi sijui juu kwa nani, kwamba kila kijiji kitenganishe wageni na wenyeji. Akaja bwana mmoja kutoka mbali, suruali imenyooka, hajui Kiha hata cha kuombea maji. Wakamwekea meza nje ya ofisi ya kijiji, kamati ikakaa upande mmoja, mwenyekiti katikati. Bendera ikatandazwa mezani, na yale mawe. Mpya kabisa, bado ina mikunjo.

Yule bwana hakuwa mkali. Hilo nalo ulijue, kwa sababu mtu ukimsimulia habari kama hizi anategemea kusikia mtu anapiga meza. Alikuwa mpole, anawapa watu maji. Alitaka tu njia rahisi ya kuwajua watu, na mwenyekiti ndiye aliyempa. Alimwambia, "Bwana, hawa wetu wote wamesoma kisomo cha watu wazima, bendera wanaijua. Mgeni hawezi kuijua." Na mimi niliyekuwa nimekaa pembeni na akina mama wangu nikavimba kichwa. Nikajua darasa langu lote litapita.

Na walipita, mmoja baada ya mwingine. Anafika mezani, anaulizwa, kijani ni nini? Anaitikia ardhi kama nilivyomfundisha. Wengine wanaitikia huku wamefumba macho. Mrundi mmoja aliyekuwa ameingia juzi naye akapita, maana alikuwa amesikiliza foleni nzima mbele yake! Tulicheka sana kwa hilo, kimoyomoyo.

Ikafika zamu ya Mama Bukuru. Nadhani yule bwana alikuwa amechoka kusikia majibu yaleyale, au alitaka kuwa mwema kwa mama mzee. Hakuuliza kijani ni nini. Aliuliza, "Haya mama, hapa unaona nini?"

Mama Bukuru akaitazama bendera. Uelewe kwamba hakuwahi kuiona kwa karibu. Ya shuleni ilikuwa juu ya mlingoti, imepauka, imechanika na upepo; yangu ilikuwa chaki. Akaitazama kwa muda. Kisha akaanza kuizunguka ile meza, na mguu wake ule, taratibu. Watu wakaguna. Akaenda mpaka kwenye pembe ya kijani, akasimama pale, kijani iko karibu na tumbo lake, rangi nyingine zimelala mbele yake moja baada ya nyingine. Uso wake ukafunguka. Nilimwona kwa macho yangu, Hamisi. Alifurahi.

Akasema, "Ni kwangu hapa."

"Kwako wapi, mama?"

"Kwangu pale chini." Akaweka kidole kwenye kijani. "Huu mlima wetu, uko mgongoni." Akasogeza kidole kwenye mstari ule wa dhahabu. "Huu mchanga wangu. Hapa ndipo tulipo sisi watu, pembamba, tumebanwa." Akasogeza tena, akafika kwenye nyeusi, na sauti ikashuka. "Haya maji meusi. Hapa yupo mume wangu na Butoyi." Akavuka, akagusa dhahabu ya pili. "Mchanga wa ng'ambo." Na mwisho akafika buluu. "Na hii milima ya Kongo."

Unayajua unayoyaona ukisimama ufukweni kwetu, mwanangu. Umekwenda pale utotoni, nilikubeba mwenyewe. Nyuma yako kijani. Miguuni mchanga. Mbele maji, na yakifika kina yanakuwa meusi. Na mbali kabisa, siku ya hewa safi, milima ya ng'ambo imesimama, na ni ya buluu, haijawahi kuwa na rangi nyingine tangu Mungu aiweke. Mimi nilizaliwa pale. Nilikuwa nimeifundisha bendera ile miezi na miezi. Na sikuwahi kuliona lile aliloliona yeye mara moja tu.

Mwenyekiti akapasuka kwa kicheko.

"Mmesikia? Ameiingiza Kongo kwenye bendera yetu! Nyeusi ni watu, mama! Watu! Wewe watu umewafanya maji!"

Kamati nzima wakacheka. Foleni ikacheka. Wale wanafunzi wenzake waliokaa naye gogo moja wakacheka, wengine kwa woga, maana hawakutaka kuonekana wanamwonea huruma. Yule bwana hakucheka. Aliandika, akamuuliza jina la mwanawe. "Bukuru." Akamgeukia mwenyekiti, "Hilo si jina la Kirundi?" Mwenyekiti akasema, "Ndilo hasa, bwana." Hakusema uongo, unaona? Ni la Kirundi. Ni la Kiha pia, na hilo ndilo hakulisema.

Nilisimama. Nilisema huyu ni mwenyeji, nimemkuta hapa nilipozaliwa, mumewe alikuwa mvuvi wetu. Nilisema yote. Mwenyekiti akaniambia, "Binti, kaa. Ulimfundisha wewe, hajui kitu, sasa unataka kumtetea?" Nikatafuta mtu mwingine wa kusimama nami. Walikuwepo wazee waliomwoza Mama Bukuru, waliokula pilau ya harusi yake. Waliangalia viatu vyao, na wasio na viatu waliangalia vidole. Nikakaa, kwa sababu mgambo alinishika bega akanikalisha.

Alasiri ileile boti lilipakia. Walikuwa watu wengi, wakimbizi wa kweli na wasio wa kweli, wanarudishwa kaskazini, mpakani na ng'ambo yake. Nikashuka ufukweni mbio. Nilimkuta amekaa mchangani kwake, anasubiri kuitwa, kifurushi cha kitenge magotini. Nilikuwa nalia, na katika kulia kwangu nikamgombeza. Nilimwambia, "Mama, kwa nini hukujibu nilivyokufundisha? Unajua nyeusi ni watu! Uliitikia kuliko wote!"

Akaniangalia kwa macho ambayo sijayasahau. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameshangaa, kama ninavyoshangaa mimi leo juu yako.

Akasema, "Mwalimu, yule hakuniuliza ulinifundisha nini. Aliniuliza naona nini. Nimuone Butoyi pale, halafu niseme simwoni?"

Akaendelea, "Na wewe umekaa hapa miaka yote, una macho mazuri, umesoma. Kumbe ulikuwa hujaiona. Ulikuwa unaisema tu." Halafu wakamwita. Akainuka, akajikung'uta mchanga, akasema, "Wageuze dagaa wangu, upande mmoja wameshakauka."

Niliwageuza. Boti linaondoka, watu wanalia, wengine "mawe, mawe," yaani mama yangu, kama tunavyomlilia mama kwa Kiha, na mimi nimeinama nageuza dagaa. Ndilo jambo pekee nililoweza kumfanyia.

Bukuru alirudi kutoka kambini siku kadhaa baadaye, na zawadi ya kanga kwa mama yake. Sitakusimulia alivyolia. Akachukua mtumbwi akaenda kaskazini kumtafuta, kijiji hadi kijiji upande wa kule, na kule kwenyewe kunawaka moto. Akampata. Alikuwa ameokotwa na mama mmoja muuza samaki, amelazwa kwenye kibanda cha majani, ana homa, mguu umevimba. Alikuwa hawezi kukaa mtumbwini kwa safari ndefu. Na hata angeweza, angeshukia wapi? Jina lake lilikuwa limeshakatwa kijijini.

Basi Bukuru akarudi mbio kuniomba twende wote kwa mwenyekiti, tumwombe amtambue mama yake ili aje afe kwake. Maneno yake ndiyo hayo, aje afe kwake, hakuomba zaidi. Tukaenda. Tukamkuta mwenyekiti palepale mchangani kwa Mama Bukuru, ameshaweka ua wa matete, vijana wake wanaanika. Bukuru alipiga magoti, Hamisi. Mwanaume mzima, mvuvi, mikono kama makasia, alipiga magoti kwenye mchanga wa baba yake mwenyewe.

Mwenyekiti akasema, "Kikao kilishafungwa, kijana. Mimi si mwenye bendera."

Tulipokuwa bado tunatafuta mtu mwingine wa kumwomba, akashuka mvuvi kutoka kaskazini na habari kwamba Mama Bukuru amefariki na wameshamzika kulekule. Walimzika watu asiowajua, kwa heshima, Mungu awalipe. Wale tuliomjua hatukuwepo hata mmoja.

Lakini Bukuru alikuwa amenifikishia ujumbe wake, kabla ya habari hiyo. Mama yake alimwambia, "Mwambie mwalimu huku nako naiona. Mlima, mchanga, maji, mchanga, Kongo. Ipo vilevile. Ila huku hakuna mtu anayenijua." Basi. Hakuniletea neno la lawama wala la kusamehe.

Nililifikiria neno lile miaka mingi. Nimefundisha watoto wengi baada ya hapo, nimewafundisha rangi zile kama zilivyoandikwa, maana mtihani ni mtihani. Lakini kila nikifika kwenye nyeusi, nyeusi ni watu, nilikuwa nageukia ubao, na watoto walidhani mwalimu anatafuta chaki. Kwa sababu pale mezani kamati ilikuwa sahihi, unaelewa? Nyeusi ni watu. Mama Bukuru ndiye aliyekosea. Ila yeye aliyekosea aliwaona watu wake ndani ya ule weusi, na kwa majina. Wale waliopatia walikuwa na mtu mzima amesimama mbele yao kwa mguu mmoja na nusu, na hawakumwona.

Bukuru yuko hai. Ni yule mzee wa Ujiji unayemwamkia kila Ijumaa, yule anayerekebisha nyavu na hapendi maneno mengi. Ulikuwa hujui, eh? Usinikodolee macho. Wimbo wa taifa ukipigwa anasimama kama watu wote, anavua kofia. Juu haangalii.

Sasa nakuambia, mwanangu, na nisingependa kukuambia mara mbili. Sikuambii utoke kwenye kamati. Mpaka upo, na kila nchi inataka kujua waliomo ndani yake, mimi si mtoto. Lakini bendera usiifanye mtego. Ilipandishwa ili mzee kama yule babu yake baba yangu asiambiwe tena na mgeni kwamba wewe ni wa nani. Leo wewe ndiye unayesimama nayo mlangoni kwa mama wa watu, unamuuliza maswali ya shule, na yeye shule hakupelekwa. Kuchanganya kijani na buluu! Mimi bibi yangu alikuwa na neno moja kwa zote mbili, na alizaliwa hapahapa, akafia hapahapa. Na Kirundi unachokisikia mdomoni mwa Mama Zawadi, umehakikisha si Kiha? Wewe Kiha hukijui, nilikulea kwa Kiswahili, hilo kosa langu na nalijutia.

Ukitaka kumjua mtu, toka nyuma ya meza. Nenda Mwandiga, uliza nani alimzalisha Mama Zawadi, nani alikaa matanga kwake, nani anamkopesha chumvi. Uliza makaburi yake yako wapi, akakuonyeshe, ukasimame naye pale. Na ukishajua ukweli, useme wote, usiseme nusu kama yule mwenyekiti na jina la Bukuru. Wakicheka, usicheke. Wenzako wakiangalia viatu, wewe inua uso. Itakugharimu, najua. Huenda wakakutoa kwenye kamati, wakakuita Mrundi na wewe. Mimi nilisimama peke yangu na sikumsaidia kitu. Ndiyo maana nakuambia mapema, kabla ya Jumatatu, utafute wa kusimama naye.

Na nikuambie jambo jingine, kabla hujajidai. Jumatatu nakuja. Nimeshamtuma kijana wa jirani aniwekee kigoda changu tayari. Mzee Bukuru naye anakuja, nilimwambia leo asubuhi, akachukua kofia yake akaanza kuifua. Tutakaa mbele kabisa, Hamisi, tukuangalie.

Haya, inuka, jua linaondoka. Njoo nikushike kichwa kama nilivyokuwa nakushika ukienda mtihani. Mungu akupe macho ya kumwona aliye mbele yako. Akupe ulimi usiokatika mbele ya wakubwa. Akuzeeshe, mwanangu, akuzeeshe mpaka ukose meno. Na siku hiyo mtu akikuuliza unaona nini, ujibu unachokiona, na usiku huo ulale kwako.